Umelipa, lakini kengele ya mlangoni inalia
Kutazamwa kama mwizi na risiti unayo kunaudhi, na mara nyingi kosa limetokea kaunta: lebo ya kuzuia wizi iliyo kwenye bidhaa, ile inayoliza kengele ya geti la mlangoni mwa duka, haikuzimwa. Lebo za kubandika huzimwa kwa kupitishwa karibu kabisa na kibao maalumu cha kaunta. Keshia akipitisha harakaharaka au juu mno, inabaki hai. Kubishana na mlinzi hakusaidii. Toa risiti, omba bidhaa zipitishwe getini moja moja, ile inayolia irudishwe kaunta ikazimwe. Zote zikinyamaza, jikague mwenyewe: lebo ya duka jingine hujificha chini ya soli ya ndani ya kiatu kipya, kwenye mshono wa koti, hata kati ya kurasa za kitabu. Ukiipata, ing'oe uitupe.