Zako tia maji: kunyoa ndevu kwa brashi, sabuni na wembe wa pande mbili

Ile methali ya ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, sisi tumeshaifanya ya siasa na ya madeni, lakini ukiisoma kama ilivyo ni maelekezo ya kunyoa na ni maelekezo sahihi kabisa. Mi nimenyoa ndevu miaka kumi na kitu nikiwa natafuta wembe mkali zaidi, kila mwezi nabadilisha, na shingo yangu bado ilikuwa kama fenesi, vipele juu ya vipele. Kumbe shida haikuwa wembe, nilikuwa nanyoa kavu. Sio kavu ya bila maji kabisa, namaanisha ile ya kunawa mara moja, unapaka sabuni ya kuogea, unaanza kukwangua.

Kwanza tuelewane kwa nini hii njia ya kizamani inatufaa sisi. Ndevu zetu wengi ni za kipilipili, zinatoka kwenye ngozi tayari zimepinda. Sasa zile mashine za plastiki zenye wembe mbili tatu mpaka tano (za wembe mbili zilianza kuuzwa Marekani 1971) zinafanya kazi hivi: wembe wa kwanza unauvuta unywele juu kidogo, wa nyuma unaukata, halafu unywele unarudi unajificha chini ya ngozi. Mtu mwenye ndevu laini zilizonyooka anafurahi, anajipapasa shavu. Wewe wa kipilipili, ile ncha imebaki imechongeka kama mkuki, ikianza kukua inajikunja inachoma ngozi kwa ndani, mwili unaona umeingia mwiba, basi panavimba. Ndio kipele hicho. Wembe mmoja unakata pale pale usawa wa ngozi, hauvuti. Sikwambii ni dawa, nakwambia unapunguza sana.

Na kama sasa hivi shingo imeshaharibika, usianze leo. Acha ndevu ziote wiki tatu nne hivi vipele vitulie, usivitumbue, na usikae na pini unachokonoa. Kama vina usaha au vinaanza kuwa makovu magumu yanayovimba, hiyo nenda hospitali ukaonane na daktari wa ngozi.

Haya vifaa. Mashine yenyewe ni ile ya chuma, unafungua kichwa unaweka wembe wa kawaida wa dukani, ule wenye makali pande mbili. Aliyeipa umaarufu ni Mmarekani King Camp Gillette, mwaka 1903 alipoanza kuuza aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu kwa mwaka mzima, patenti akapata 1904, na wembe wa leo bado ni wa aina ile ile, chuma chembamba kama karatasi. Ndio maana wembe wowote wa pande mbili utaingia kwenye mashine yoyote ya pande mbili, haukufungi kwa kampuni moja. Kariakoo zipo, mtandaoni zipo. Kuna za vipande vitatu, yaani mpini, sahani ya chini na kofia ya juu, na kuna zile ukizungusha mpini kichwa kinafunguka kama milango miwili. Mi nashauri vipande vitatu, hakuna cha kuharibika humo. Ukiwa na hela Merkur na Mühle za Ujerumani zinadumu mpaka umrithishe mtoto, lakini ya bei ya chini inatosha kujifunzia, angalia tu ukiweka wembe ukafunga, makali yanatokeza sawasawa pande zote. Yakizidi upande mmoja fungua ufunge upya, yakiendelea hivyo rudisha mashine dukani.

Wembe sasa, hapa watu wanabishana kama Simba na Yanga. Ukweli ni kwamba uso wako ndio utaamua. Nunua pakiti moja moja za aina tofauti, Derby ya Uturuki, Lord ya Misri, Treet ya Pakistani, Astra, chochote unachokipata, jaribu kila moja wiki nzima. Feather ya Japani ni kali kupita kiasi, iache mpaka mkono uzoee. Na ndevu ngumu zinamaliza wembe mapema, ukinyoa mara tatu au nne tupa, ukisikia unavuta tupa hata kama ni mara ya pili. Wembe mmoja bei yake haifiki hata ya chapati, usiuonee huruma.

Brashi. Kazi yake ni kupeleka maji kwenye ndevu, kuzisimamisha na kutengeneza povu, mkono hauwezi kufanya hivyo. Kwa ndugu zangu Waislamu niseme hili mapema maana muuzaji hatakwambia: brashi nyingi za bei nafuu zenye nywele za asili ni za nguruwe, ukiona boksi limeandikwa boar ndio hiyo. Zile za gharama wanatumia nywele za mnyama mmoja wa Ulaya na Asia wa ukoo mmoja na nyegere. Zipo pia za farasi. Mi natumia ya nyuzi za kiwandani na nakwambia siku hizi hazina tofauti ya maana, tena zinakauka haraka, na kwa joto letu hili la Dar na unyevu wake brashi isiyokauka inanuka uvundo ndani ya wiki.

Sabuni iwe ya kunyolea kweli. Kuna ya kidonge, ya krimu kwenye tyubu, na ya kijiti kama Arko ya Uturuki ambayo unajisugua nayo usoni moja kwa moja. Sabuni ya kuogea inatoa povu jingi la kudanganya, unageuka kuchukua mashine limeshakauka. Sabuni ya mche ndio kabisa usithubutu.

Sasa maji, na hapa ndipo nilipopotezea muda. Nilinunua sabuni nzuri, brashi nzuri, povu likagoma. Nikailaumu sabuni. Nikabadilisha, ikagoma nayo. Nyumba nyingi huku zinatumia maji ya kisima na ya kwetu ni chumvi tupu, ukiosha nywele zinakuwa kama katani. Siku moja nikachukua vikombe viwili, kimoja maji ya kisima, kingine maji ya kunywa, sabuni ile ile, brashi ile ile. Cha kisima kilitoa mapovu makubwa makubwa kama ya kufulia, nikakaa kidogo yakaanza kupasuka yenyewe, na pembeni ya bakuli kukabaki utando wa kijivu unaonata. Cha maji ya kunywa brashi ilizunguka labda mara ishirini, kikaanza kuwa kizito, cheupe, kinang'aa, nikageuza bakuli juu chini hakikumwagika. Yaani chokaa na madini ya kwenye maji magumu yanaishika sabuni kabla haijatoa povu. Tangu siku hiyo nusu kikombe cha maji ya kunywa ni ya povu, kuoshea uso ya kisima ruksa.

Utaratibu wenyewe basi. Nyoa baada ya kuoga, sio kabla. Unywele unahitaji kama dakika mbili tatu za kulowa mpaka ulainike, mkavu ni mgumu, mlowevu unakatika bila kelele. Kama huogi, chukua kitaulo kilowekwe maji ya moto ya kuvumilika, kamua, funika ndevu, hesabu mpaka kipoe, rudia. Hii hatua ndio watu wanairuka na ndio yenye kazi kubwa kuliko zote, mi nanyoa usiku kwa sababu hiyo tu, asubuhi nani ana dakika tatu na daladala imejaa.

Lowesha brashi, ikung'ute mara mbili isidondoshe maji, zungusha juu ya sabuni kama nusu dakika mpaka ncha zibebe kitu kizito kama dawa ya meno. Kama ni krimu, kiasi cha punje ya karanga kinatosha. Halafu hamia usoni, zungusha, chovya ncha za brashi kwenye maji, zungusha tena, chovya tena. Maji kidogo kidogo. Mwanzoni linakuwa kama unga, limekauka, watu wengi wanaishia hapo wanaanza kunyoa. Endelea. Unataka lifike kama tui la kwanza, zito linang'aa na halina viputo vya kuonekana. Ukiona viputo umezidisha maji, ongeza sabuni.

Kabla hujagusa wembe ujue ndevu zako zinalala upande gani. Ziache siku mbili, pitisha kiganja, upande unaoteleza ndio zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni wengi zinashuka chini. Shingoni ni vurugu, yangu mimi kushoto zinapanda juu na kulia zinaelekea sikioni, hilo nilikuwa silijui na miaka yote hiyo nilikuwa nanyoa shingo nzima kutoka chini kwenda juu.

Wembe ushike kwa ncha zake fupi, sio kwenye makali. Kisha weka kichwa cha mashine kwenye shavu mpini ukiwa umenyooka kwa pembeni, hapo wembe haugusi. Teremsha mpini taratibu mpaka usikie wembe unaanza kugusa nywele, ni kama nyuzi 30 hivi. Pembe hiyo hiyo ishikilie, zungusha mkono kufuata taya, usiache kiwiko kilale. Vuta vipande vifupi, urefu wa kucha mbili tatu, kisha suuza mashine. Masikio yatakusaidia, pembe ikiwa sawa unasikia mlio kama mtu anapitisha kidole kwenye karatasi, ukinyamaza ghafla ujue pembe imepotea.

Na usikandamize!! Hizi za plastiki zimetuzoesha kukandamiza maana ni nyepesi. Ya chuma uzito wake ndio unaokata, wewe unaiongoza tu. Siku yangu ya kwanza niliibana kama nakwangua ukoko wa wali, nikapita kwenye koromeo, nikatoka bafuni na vipande vinne vya tishu shingoni, mke wangu kaniangalia wee, kasema Baba Salma, huyo paka mmegombania nini? Sikuwa na jibu.

Mzunguko wa kwanza fuata ndevu zinakolala, uso mzima. Osha, paka povu upya, usinyoe ngozi tupu hata sehemu ndogo uliyoiruka. Mzunguko wa pili pita kwa kukatisha, kutoka sikioni kuja puani au kinyume chake. Basi, ishia hapo. Video za Wazungu watakuonyesha mzunguko wa tatu wa kwenda kinyume mpaka shavu liwe kama la mtoto, hao wana ndevu zao. Vilevile wanavuta ngozi ikaze sana, kwa mwenye vipele hiyo inarudisha kule kule kwenye unywele kujificha chini, nyoosha kidogo tu pale penye mkunjo. Kama shingo ni korofi hata mzunguko mmoja unatosha, ukiguswa utasikika una vindevu na hakuna atakayeona. Juu ya mdomo bana mdomo kwa ndani, kidevuni nenda pole, ndevu za hapo ni ngumu na mfupa umepinda.

Ukimaliza osha kwa maji ya baridi, halafu shabu. Ndio hiyo hiyo shabu ya kutulizia maji ya tope, jiwe lake lilowanishe ulipitishe usoni. Itakwambia ukweli, pale itakapochoma ndipo ulipokandamiza. Iache dakika moja, suuza, jikaushe kwa kubonyeza taulo sio kusugua. Paka losheni isiyo na manukato makali. Spiriti ya kinyozi mi nimeachana nayo, ule moto wake unakufanya uhisi umetibiwa kumbe umekaushwa.

Mashine isuuze uiache ipepee, wembe usiufute kwa kitambaa, unaharibu makali na unaweza kujikata. Brashi ikamue, isimame au ining'inie kichwa chini. Wembe haushirikishwi na mtu, hata kaka wa tumbo moja, damu isiyoonekana inatosha kupeleka homa ya ini au UKIMWI.

Nyembe zilizotumika usitupe kwenye mfuko wa taka, kuna vijana wanachambua hizo taka kwa mikono mitupu na kuna mtoto wako anayefukua kila kitu. Mi nina kopo la maziwa, lile la bati lisilofunguliwa juu. Nilitoboa vitundu viwili nikamimina maziwa kwenye chai, nikaliosha, nikachana mwanya mmoja kwa kisu upana wa wembe. Nimelianza mwaka juzi na ukilitikisa bado lina nafasi. Likijaa nitalifunga mwanya kwa solotepu na kuligonga nyundo lijibane kabla halijaenda jalalani.