Mlio hafifu kwenye detekta: kwangua kwanza, chimba baadaye

Kwa wanaotembeza detekta za dhahabu kule Chunya na Geita: ukisikia mlio mwembamba wa mbali, ule unaokufanya ujiulize kama kweli umeusikia, usiupuuze wala usianze kuchimba. Pitisha sahani (lile duara la chini la detekta linalonusa ardhi) taratibu, kisha pita tena ukiikatiza njia ya kwanza. Mlio ukirudi palepale, kwangua kama sentimita 5 za udongo wa juu, sogeza pembeni, shusha sahani karibu iguse chini, upime tena. Mlio ukipanda na kubana sehemu moja, kuna kitu chini. Ukififia au kutawanyika, ulikuwa udongo wenye madini ya chuma. Ukipotea kabisa, pima rundo ulilokwangua kabla ya kulimwaga. Dhahabu ndogo hupotelea humo. Sababu ni umbali: mlio wa kipande kidogo kilicho kina kirefu hupungua takribani kwa kipeo cha sita cha umbali, hivyo kukisogelea kutoka sentimita 25 hadi 20 tu kunaukuza karibu mara nne. Mlio wa udongo wenyewe haubadiliki hivyo.

Mbinu hii inagonga mwamba kwenye mawe mekundu ya chuma yaliyozama, maana mlio wake nao hupanda vilevile. Ukifikia tabaka la udongo wa rangi nyingine, sawazisha mashine upya (izoee udongo huo), la sivyo itakulilia bure. Na haitenganishi dhahabu na msumari: nimeshafukua hadi gotini nikatoka na ncha ya sururu.