Ukishtakiwa Marekani, usikiri kosa ili yaishe

Ndugu yangu uliyeko Marekani kwa viza au grini kadi, ukishtakiwa kwa kosa lolote, hata dogo, usikiri kabla wakili anayeijua sheria ya uhamiaji hajapitia karatasi zako. Wakili niliyepewa na mahakama aliniambia, "Kubali, lipa faini, baada ya mwaka shtaka linafutwa." Jimbo likalifuta kweli. Uhamiaji hawakulifuta. Nilizuiwa uwanja wa ndege nikitokea Dar es Salaam kumzika baba.

Kisa ni hiki: kule kuna sheria za jimbo na sheria za shirikisho, yaani za nchi nzima, na uhamiaji ni wa shirikisho. Tangu mwaka 1996, ukishakiri na hakimu akakupa adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wako, kwa uhamiaji umetiwa hatiani, hata jimbo likifuta baadaye. Kifungo cha nje nacho kinahesabiwa. Kwa wizi, kifungo cha siku 365 kinakuweka kwenye kundi la makosa mazito, na siku 364 hazikuweki. Siku moja tu! Mwulize wakili wako kuhusu siku hiyo.

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam na kuishi kule zaidi ya miaka 40. Wakili wake alimwambia asihofu uhamiaji, naye akakiri. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Kwa hiyo uliza, na jibu ulipate kwa maandishi. Narudia: kwa maandishi.

Haki nyingine ni fupi. Polisi wakikuhoji, sema kwa sauti, "Nachagua kunyamaza, nataka wakili," kwani kukaa kimya tu hakutoshi. Huna fedha na unakabiliwa na kifungo, utapewa wakili. Omba ubalozi wetu ujulishwe. Simu za mahabusu hurekodiwa, usizungumzie kesi.

Sasa ninyi wazazi, mjomba na mashangazi wa Temeke na Kinondoni. Najua mnatupenda. Huku mmezoea kijana akishikwa, mtu mzima anakwenda kituoni, barua ya serikali ya mtaa inaandikwa, mdhamini anapatikana, watu wanakaa na mlalamikaji wanayamaliza. Ndiyo maana mnapiga simu mkisema, "Mwanangu, omba radhi yaishe." Tafadhali acheni. Kule radhi hiyo inaingia kwenye jalada kama ushahidi. Mkitaka kusaidia, changeni fedha ya wakili wa uhamiaji, maana kwenye mahakama ya uhamiaji serikali haikulipii wakili.

Wamarekani wanaijivunia katiba yao, na wana haki ya kuijivunia. Lakini Mahakama Kuu yao iliandika mwaka 2012 kwamba asilimia 94 ya hukumu za hatia majimboni zinatokana na kukiri. Kesi nyingi zinamalizwa kwenye korido, mwendesha mashtaka akiwa mpole na mwenye haraka. Mgeni anauona upole ule kama huruma. Naona hilo ni dhuluma kwa watu wanaoogopa kukosa zamu kazini kesho yake.

Na kama ulishakiri zamani, usisafiri kuja nyumbani, hata kwa msiba, kabla wakili wa uhamiaji hajasoma nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama.