Alizeti za Matawi: Jinsi ya Kuzichagua na Kuzikuza Nyumbani

Ukipanda alizeti ukitarajia kuchuma maua wiki baada ya wiki, halafu ukapata ua moja tu kubwa juu ya shina kama mlingoti, usilaumu mbolea wala maji. Ulipanda mbegu ya shina moja, si ya matawi.

Hatua ya 1: Chagua mbegu

Picha za kwenye pakiti hazisaidii, kwa kuwa nyingi huonyesha ua moja lililochanua. Tafuta maelezo ya umbile la mmea. Jamii za ProCut na Sunrich ni za shina moja, zimezalishwa kwa ajili ya wakulima wa maua ya kuuza: zinachanua mara moja na kazi imekwisha. Kwa bustani ya nyumbani mimi hupanda Autumn Beauty, yenye mchanganyiko wa njano, shaba na kahawia. Soraya ya rangi ya chungwa. Lemon Queen ya njano iliyopauka. Na Moulin Rouge, nyekundu iliyoiva.

Hiyo ya mwisho haina chavua, kwa hiyo haichafui kitambaa cha meza. Ukitaka kuwalisha nyuki na ndege, Lemon Queen inafaa zaidi. Na ukipenda kuhifadhi mbegu, epuka chotara, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili. Watoto wake hawatafanana na mama.

Hatua ya 2: Panda papo hapo

Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Tifua udongo chini kabisa, maana mzizi mkuu wa alizeti huzama sana na haupendi kuhamishwa. Fukia mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 2.5. Miche itatokeza baada ya siku 7 hadi 10. Mnyonge ukate kwa mkasi, usiung'oe, usije ukamtikisa mwenzake.

Nafasi ndiyo wengi wanayoionea ubahili. Alizeti ya shina moja huvumilia sentimita 15, ila ya matawi inataka 45 hadi 60. Machipukizi hutoka kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina, na kwapa lililo gizani hulala. Ukiibana miche, yote itakimbilia juu kugombania mwanga, nawe utabaki na fito.

Hatua ya 3: Kata ncha, ukipenda

Mmea ukiwa na majani halisi manne hadi sita, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu, kata ncha yake kwa kucha, juu tu ya jozi ya majani. Unapata kichaka kifupi, chenye maua madogo yanayolingana, ingawa utachelewa kuyaona. Aina za matawi hujigawa zenyewe hata usipozigusa, kwa hiyo mimi hukata nusu ya tuta na kuiacha nusu nyingine itangulie kuchanua.

Usijaribu hili kwa alizeti ya shina moja. Niliwahi kulikata tuta zima bila kukagua pakiti, sikuchuma kitu.

Hatua ya 4: Tunza bila kudekeza

Mwagilia kwa wingi mara chache, badala ya kidogo kila siku. Samadi iliyooza inatosha. Naitrojeni ikizidi utavuna majani. Mmea wenye matawi una kichwa kizito, hivyo chomeka mti wa kuegemea mapema, kabla upepo haujaupasua kwenye maungio.

Hatua ya 5: Chuma ua la kwanza

Ua la katikati hutangulia, nalo huwa kubwa kuliko yote. Watu hulionea huruma. Likate asubuhi, petali zinapoanza kujiinua, na shina liwe refu utakavyo mradi uache vitumba vya chini. Mmea ukiachwa ukomaze mbegu za ua hilo, nguvu zinaishia huko. Maua ya pembeni nayo yachume, yakinyauka yakate. Na wiki tatu baada ya kupanda tuta la kwanza, panda la pili.