Namna ya kuishinda hamu ya pombe katika miezi ya mwanzo ya kuacha

Kwanza usalama. Mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku, hasa yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka azimue, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, hali ambayo isipotibiwa huweza kuua. Aende hospitali kabla ya kuacha. Kwa mkazi wa Dodoma, Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iliyoanzishwa mwaka 1927, ipo hapahapa mjini, na kuonekana getini pake si aibu ya kumfanya mtu ahatarishe maisha yake.

Mwili ukishatulia, hubaki hamu. Wengi hujiandaa kupambana nayo wakiwa tayari mbele ya chupa, na hapo ndipo wanaposhindwa, kwa sababu mtu aliyeketi baa amekwisha kuamua mengi kabla ya kuagiza: apite njia ipi, aongozane na nani, awe na fedha kiasi gani mfukoni.

Kwa hiyo anza na saa uliyozoea kunywa. Kwa wafanyakazi wengi wa mjini ni kuanzia saa kumi na moja jioni, moshi wa nyama choma unapoanza kupanda. Kula kabla ya hapo, tena chakula cha kushibisha, ugali wa uwele na mlenda ukiupata, kwa maana tumbo tupu huizidisha hamu. Badili njia ya kurudi nyumbani, hata ikikubidi kushukia kituo cha mbele na kurudi kwa miguu. Ukiitamani nyama, agiza ufungiwe ukale na watoto.

Hamu ikija hata hivyo, usibishane nayo, kwani akili iliyozoea pombe haikosi hoja. Iahirishe tu: jiambie kwamba hutakunywa kwa nusu saa ijayo, kisha uondoke ulipo, umpigie simu mtu anayejua kuwa umeacha, au ushike kazi ya mikono. Mara nyingi hamu hupanda, hufika kileleni na kushuka ndani ya muda huo.

Siku ya fedha ni ya hatari kuliko nyingine, iwe ya mshahara au ya malipo ya zabibu, ambazo kwetu huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Kabla fedha haijaingia, kubaliana na mwenzi wako au dada yako kwamba sehemu kubwa utamtumia yeye saa ileile utakayoipokea.

Kisha kuna ofa, ambayo naiona ngumu kuliko yote, kwa sababu anayekununulia hakutakii mabaya. Usiseme unatumia dawa, kwani wiki ijayo utaulizwa kama umemaliza dozi. Sema, "Asante kaka, nimeacha. Ninunulie soda," na soda ikija, ishike mkononi muda wote, maana asiyeshika kitu huletewa chupa bila kuulizwa. Kijijini, baada ya mavuno, inapopikwa pombe ya mtama na kibuyu kupita mkono hadi mkono, kukataa mbele ya wazee huonekana utovu wa adabu. Basi mwendee mzee mwenye shughuli siku moja kabla, umwamkie, umweleze faraghani kwamba pombe imekudhuru na umeiacha. Akishajua, yeye mwenyewe ndiye atakayekukingia vijana. Shughuli za miezi mitatu ya mwanzo ambazo si za lazima, tuma mchango wako na usiende.

Ukiteleza ukanywa glasi moja, acha iliyobaki mezani, ondoka, na umweleze mtu wako usiku huohuo. Kujificha ndiko huigeuza glasi hiyo kuwa wiki nzima ya ulevi. Ikiwa umerudia kunywa kila siku, rudi hospitali kabla ya kuacha tena, kwa kuwa degedege huweza kurudi hata kwa aliyewahi kuacha salama.