Kuandika majina kwenye kadi za harusi kwa mkono: anza na penseli mbili

Watu wakiona jina limeandikwa kwa kaligrafia kwenye kadi ya harusi wanasema huyu ana mwandiko mzuri, kumbe mwandiko hauhusiki. Mwandiko wako wa kwenye daftari unaweza ukawa wa kuombea radhi na bado ukaandika kadi watu wakauliza nani kaandika, maana kazi yote ni pembe ya nibu, yaani ile ncha ya kalamu ya wino, na vipimo, basi.

Usikimbilie Kariakoo kununua seti ya nibu. Chukua penseli mbili, chonga, zifunge pamoja na rababendi ncha zikae usawa mmoja. Hiyo ndo nibu yako, na kwa mwanafunzi naiona bora kuliko ya dukani sababu inachora kingo zote mbili za herufi, mkono ukizunguka kidogo tu mistari inasogeleana unajiona hapohapo.

Sasa pembe. Mtindo wa kuanzia ni ule aliouweka sawa Edward Johnston wa Uingereza, aliuchukua kwenye zaburi iliyoandikwa kwa mkono karne ya 10, na huyu ndo huyohuyo aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London mwaka 1916. Mtindo huu unataka nyuzi 30. Protrakta ya nini, waza uso wa saa: ncha ya kushoto iangalie ilipoandikwa namba 8 pale chini, ya kulia iangalie ilipoandikwa namba 2. Ikishakaa hapo haibadiliki, ushuke, uende pembeni, uzungushe, mkono unahama wote ila penseli hazigeuki. Ukifanya hivo mstari wa kusimama unatoka mnene, wa kulala unatoka kama nusu ya upana wa nibu, na we hujakandamiza popote. Wengi wanakwama hapa, wakifika kwenye mzunguko kiganja kinajigeuza chenyewe.

Kimo cha herufi ndogo ni upana wa nibu mara 4. Ncha zako zikiachana milimita 7 basi piga mistari ya rula yenye nafasi ya milimita 28, na usijaribu kukadiria kwa macho.

Anza na o. Inaandikwa kwa vipande viwili na vyote vinaanzia juu, cha kushoto kinashuka mpaka chini, unanyanyua, unarudi juu unashusha cha kulia vikutane. Kalamu inavutwa, haisukumwi, ukisukuma nibu ya chuma inachimba karatasi inakurushia wino. O ikikaa, n na u na b zinafuata zenyewe.

Halafu kuna jambo la kwetu ambalo masomo ya Kizungu hayakwambii. Wao wanakuhangaisha a mpaka z kwa usawa, wakati Kiswahili hakina q wala x, na maneno yetu yanaishia na irabu. Andika "Bwana na Bibi" uhesabu hizo a. Kwa hiyo a ikiwa mbaya kadi nzima mbaya, mi nasema wiki nzima piga a tu, tumbo lake lianzie karibu na katikati ya mguu, yaani ule mstari wake wa kusimama, ukilibana linajaa wino linakuwa doa. Ya mwisho wa neno uimalizie na kamkia kafupi, usikarefushe kama unatia sahihi ya benki.

Ukishazoea, nunua nibu pana na wino. Wa mkono wa kushoto laza karatasi pembeni mpaka pembe ipatikane.

Joto la Dar nalo ni mtihani mwingine. Mkono unatoka jasho, mafuta yanabaki kwenye kadi, wino unakataa kushika unajikusanya matone, kwa hiyo weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote na feni uielekeze kwingine, nibu inakauka katikati ya jina. Wino ukisambaa kama mizizi tatizo ni karatasi au wino mwepesi, ongeza gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, tone tone. Kadi zile za kung'aa achana nazo kabisa, mwambie bibi harusi mapema kabla hajaprinti, na muombe kadi za ziada maana majina yanabadilika mpaka dakika ya mwisho, leo single kesho mjomba kaongeza mchango inakuwa double.

Bahasha andika kabla kadi haijaingia, ikiwa ndani ule ukingo wake unaifanya nibu iruke.