Jinsi ya kujua mbwa wako kashtukia hatari kabla wewe hujaiona

Cha kwanza kabisa, usisubiri abweke. Wengi wanadhani mbwa akihisi hatari lazima apige kelele, kumbe mbwa anabweka kwa sababu mia, paka kapita, jirani kafungua geti, ana njaa, kaboreka tu, sasa ukitegemea kubweka utaamka kila saa mpaka siku unaamua kumpuuza na siku hiyo ndo mwizi anaingia. Wa kukushtua ni yule aliyenyamaza ghafla.

Wangu ndo alinifundisha. Saa nane usiku nimelala nasikia kucha zake zinatembea sakafuni, kra kra kra, halafu kimya. Nikatoka na hasira zangu nikamkuta jikoni ameikodolea macho soketi, habweki, mdomo kaufumba, mguu mmoja wa mbele kaunyanyua na pua inacheza. Nikamwambia kalale, wala hakujigusa. Nikainama pale pale alipoelekeza pua ndo nikapata kaharufu ka plastiki inayoungua, kushika ukuta una joto, mbio kuzima meni swichi. Na hapo nilikuwa nimetoka kunywa maji jikoni humo humo muda si mrefu, sikunusa chochote!

Wala sio mambo ya kuona mashetani. Pua yetu ina vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6, ya mbwa inapita milioni 200 kutegemea na aina yake, na kwa sauti nyembamba masikio yetu yanagota kwenye hezi 20,000 (mitetemo kwa sekunde) wakati yeye anafika kama 45,000. Yaani anapata kitu ambacho kwako bado hakijafika. Anajua tu kuna kitu kimebadilika, kama ni hatari au sio, hiyo ni kazi yako.

Kwa hiyo anza kwa kumjua akiwa ametulia. Mwangalie wiki moja hivi, masikio yanakaaje, mkia anaubeba wapi, mgeni akija anachukua muda gani kumzoea. Kuna mbwa mkia umejikunja juu tangu kuzaliwa, ukimpima kwa mbwa wa mtu mwingine utapotea.

Ukishamjua, mabadiliko utayaona tu. Alikuwa anahema ulimi nje, ghafla anafunga mdomo na mwili unakakamaa, hiyo mimi naiamini kuliko zote. Masikio yote yanageukia upande mmoja. Manyoya ya mgongoni yanasimama, na hilo hata yeye hawezi kulizuia, kama wewe na vinyweleo vyako. Na mkia usikudanganye, sio kila unaotikisika ni furaha, uliosimama wima unatetemeka kidogo kidogo kwa haraka huyo hachezi.

Hapo usimfokee. Zima tivii, simama kimya, fuata pua yake ilikoelekea. Kama mko nje angalia upepo unatoka wapi, maana harufu inaletwa na upepo na kitu chenyewe kinaweza kuwa mbali. Akigoma kupita kwenye majani usimburute na kamba, zunguka, huenda kuna nyoka. Kama unahisi ni mtu, washa taa, piga simu, ita watu, usijifanye shujaa wa kufungua mlango.

Akinguruma usimpige, tafadhali. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma anajifunza kuacha kunguruma lakini hofu iko pale pale, ipo siku atang'ata mtu bila onyo halafu mseme kabadilika.

Kuhusu matetemeko ya ardhi, mawimbi yale ya kwanza yanakimbia haraka ila ni madogo, kwa hiyo mbwa anaweza kuyapata sekunde chache kabla ya mtikisiko wenyewe. Hizi stori za kwamba anajua siku kadhaa kabla hakuna aliyezithibitisha, usihamie kulala nje wiki nzima kisa mbwa kalia usiku.

Na kama anakodolea ukuta kila siku na hamna kitu, hasa akiwa mzee, mpeleke kwa daktari wa mifugo, inaweza kuwa maumivu au ni akili tu zinaanza kuchoka na uzee. Ila soketi kagua kwanza.